Jezi Isiyo na Simulizi

Nyumba yangu iko Chamazi, si mbali sana na uwanja wa Azam. Usiku wa mechi sina haja ya kutazama ratiba. Taa zikiwaka, wadudu huzikimbilia. Kisha kelele za watu hufika barazani kwangu kabla mtangazaji wa televisheni hajasema kwamba ni bao, kwa sababu televisheni huchelewa sekunde kadhaa na upepo hauchelewi. Basi nimezoea kuupata mpira kwanza kwa masikio. Ndivyo nilivyoanza utotoni, na pengine ndivyo nitakavyomaliza.

Mimi si mchezaji wala sikuwahi kuwa. Ni mshabiki tu, wa timu ambayo sitaitaja hapa. Msomaji mwenye timu yake atanisamehe, na asiye na timu hatajali. Nataka kuzungumzia jambo moja ambalo limenikera kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyowaenzi wachezaji wetu waliostaafu.

Miaka hii klabu zetu kubwa zimejipatia sikukuu zao. Simba walianzisha Simba Day mwaka 2009, na Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Ni siku za furaha kweli. Watu huchangia damu, huimba, hununua jezi mpya, na jioni kikosi cha msimu hutambulishwa mchezaji mmoja mmoja huku uwanja ukitetemeka. Pembeni ya sikukuu kubwa kama hizo, na katika mabonanza mengi ya mitaani yanayoziiga, kuna kipengele kimoja kinachorudi kila mwaka: mechi ya maveterani. Nyota wa zamani huitwa, huvishwa jezi, hucheza kidogo, hupigiwa makofi, hurudi kwao. Ninataka kukitazama kipengele hiki kama mtu anavyoutazama mchezo wa kuigiza. Sitauliza kama nia ni njema, maana nia ni njema. Nitauliza kama kazi yenyewe imefanikiwa.

Nina jirani, mzee aliyepita miaka sitini na mitano, ambaye enzi zake alikuwa winga wa kushoto. Aliwahi kuchezea kombaini ya mkoa katika Kombe la Taifa, na kwa misimu michache aliichezea klabu moja ya jijini. Jina lake halimo katika vitabu. Mwaka mmoja klabu hiyo ilimwita kwenye siku yake ya kuwaenzi wakongwe. Mzee alifurahi mno. Aliniomba nimsindikize, na nikaona haya kumwambia kwamba siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingine. Tukapanda daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu, tukabadilisha gari, tukafika uwanjani saa sita na nusu.

Mechi ya wakongwe ilianza saa saba mchana. Nani anayekwenda uwanjani saa saba mchana? Jua lilikuwa utosini, majukwaa yalikuwa na watu wachache waliokuwa wakitafuta kivuli, na foleni ya tiketi nje ilikuwa haijaanza kusogea. Wazee walitoka wamevaa jezi mpya zilizoandikwa jina la mdhamini kifuani. Mgongoni palikuwa na namba, lakini hapakuwa na jina. Mshereheshaji alisoma orodha kwa haraka, majina mawili akayakosea, kisha akauachia muziki. Mzee aliingia, akakimbia mara mbili, akagusa mpira mara tatu, na mara ya nne mguu ukakataa. Vijana waliokuwa nyuma yangu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka akimwona babu yake akijaribu kupanda baiskeli. Mmoja akauliza, "Huyu naye alikuwa nani?" Mwenzake akamjibu, "Sijui, wa zamani tu."

Nilikuwa na nafasi ya kugeuka nikawaambia. Sikugeuka. Nilinunua maji, nikanyamaza.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee aliikunja ile jezi vizuri, akaiweka magotini. Tulipopita Rangi Tatu akasema, "Wamenipa jezi, wamenipa chakula, wamenipa nauli. Mungu awabariki. Lakini hakuna aliyeniuliza kitu." Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nikajifanya natazama nje.

Kesho yake jambo hilo lilikuwa mada kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Nayaandika maoni ya pale kwa sababu, kwa maoni yangu, mshabiki wa kawaida amewahi kuyatafakari mambo haya kuliko viongozi wengi.

Wa kwanza alisema mechi za namna hii zifutwe kabisa. Mpira, alisema, ni ushindani. Mchezo ambao hakuna anayemkaba mwenzake ni ngoma ya watoto. Wa pili akasema la, wakongwe wachezeshwe, na tena ichezwe mechi ya nyota wa zamani wa Simba na Yanga waliochaguliwa na mashabiki wenyewe. Hapo kahawa ilipoa, maana kila mtu alianza kupanga kikosi chake cha wakati wote. Golini wengine walimtaka Athumani Mambosasa, wengine Juma Pondamali. Tulibishana nusu saa na hatukufika hata kwa beki wa kulia. Wa tatu, fundi cherehani, alisubiri tunyamaze ndipo akasema: "Ninyi mnapanga timu. Wenzenu wanaumwa na hawana dawa. Makofi hayanunui dawa. Wapeni bima ya afya, jezi wabaki nazo wenyewe." Wa nne, kijana wa bodaboda, alisema hayo yote hayamhusu, kwa kuwa hao wazee hakuwaona wakicheza na hawezi kumpenda mtu ambaye hajamwona.

Maneno ya huyo wa nne ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Nitayarudia.

Ubishi huu si wa kwetu peke yetu. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na tangu mwaka 1933 huwa na mechi ya nyota kila katikati ya msimu, ambayo sehemu ya wachezaji wake huchaguliwa kwa kura za mashabiki. Wao nao hubishana vilevile. Wapo wanaosema mechi hiyo haina maana kwa sababu hakuna anayepoteza kitu akifungwa. Mwaka 2002, huko Milwaukee, ilisimamishwa ikiwa 7–7 kwa sababu timu zote mbili zilikuwa zimeishiwa warushaji, na watazamaji wakazomea. Wakubwa wakatahayari. Kuanzia 2003 hadi 2016 wakaamua kwamba upande utakaoshinda utaipatia ligi yake faida ya kucheza mechi nyingi zaidi nyumbani katika fainali. Walidhani tatizo ni kwamba mechi haina tuzo. Hatimaye wakaiacha kanuni hiyo.

Lakini miaka mitatu kabla ya aibu ile, yaani Julai 1999, mechi hiyohiyo ilichezwa Boston, na lililofanyika kabla haijaanza ndilo linalokumbukwa kuliko mechi yenyewe. Waliwaita wakongwe wengi, na wa mwisho kuingia alikuwa Ted Williams, mzee wa miaka 80, ambaye aliletwa kwa kigari kidogo kwa kuwa miguu na macho yalikuwa yamemwishia. Huyu ndiye aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, maana yake katika kila mapigo kumi alifanikiwa mara nne na zaidi kidogo, ilhali mchezaji mzuri akipata tatu hushukuru. Alipofika katikati ya uwanja, nyota wa siku ile walimzunguka. Akawauliza habari za upigaji wao, kama fundi anavyowauliza mafundi wenzake. Ikatangazwa kwamba wachezaji waondoke ili mechi ianze, hawakuondoka. Walitaka kukaa naye. Kisha akashikiliwa asianguke, akarusha mpira wa kwanza.

Msomaji aangalie tofauti. Ted Williams hakuchezeshwa. Hakuna aliyemtaka akimbie ili vijana waone kama bado anaweza. Alisimama tu, uwanja ukiwa umejaa, mbele ya wale wanaoifanya leo kazi aliyoifanya yeye jana, nao wakamsikiliza. Hakuhitaji kuthibitisha lolote, kwa sababu kila aliyekuwepo alijua alichokifanya mwaka 1941. Ilikuwa imeandikwa, imehesabiwa, imesimuliwa na baba kwa mwana kwa karibu miaka sitini.

Hapo ndipo namrudia kijana wa bodaboda. Alisema hawezi kumpenda mtu ambaye hajamwona. Je, amekosea? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu siku Simba ilipoifunga Yanga 6–0, mwaka 1977. Mimi sijawahi kuyaona. Peter Tino alifunga Ndola mwaka 1979, tukatoka sare ya 1–1 na Zambia, na bao hilo likatupeleka Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980, nalo sijaliona. Thuwein Ally aliwafunga Misri na kisha Ivory Coast kulekule Lagos. Sunday Manara, waliyemwita Kompyuta, alivuka bahari akacheza Uholanzi. Hawa wote tuliwapokea kwa masikio. Tulikaa tumezunguka redio kama watu wanaoota moto, na kila mmoja alijichorea picha yake kichwani. Picha yangu ya Tino ni yangu. Ya baba yangu alikufa nayo.

Sasa mlinganishe na Mbwana Samatta, kijana wa hapa hapa Mbagala, jirani zetu. Machi 2020 aliifungia Aston Villa kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Mtoto yeyote wa Chamazi mwenye simu anaweza kuliona bao lile sasa hivi, akalirudia mara kumi, akaenda uwanjani kuliiga. Samatta atakapozeeka, akaitwa kwenye bonanza na mguu ukamkatalia, hakuna atakayecheka kwa kutojua, kwa maana bao la Wembley litakuwa limetangulia kufika.

Kwa wakongwe wa redio mambo ni kinyume chake. Kwa kijana wa leo, zile dakika saba za saa saba mchana ndizo picha pekee atakazopata kuziona za mtu huyo. Tunamchukua mtu aliyekuwa mwepesi kama swala katika masikio ya nchi nzima, tunamtoa juani akiwa na goti bovu, tunasema: haya, mwoneni. Na wanamwona. Wanachokiona ni goti. Kumwonyesha bila kumsimulia si kumheshimu, ni kumvua nguo. Hili ndilo kosa la mechi zetu za maveterani, na halitokani na ukosefu wa fedha wala wa upendo. Tumeiga sherehe za watu wenye kumbukumbu za picha, ilhali kumbukumbu zetu sisi ni za maneno, na maneno hatuyasemi.

Nisieleweke vibaya. Hatukuwasahau kabisa. Mwaka 1982, wakati wa Kombe la Dunia la Hispania, nchi yetu ilitoa stempu za mpira wa miguu, na katika mfululizo huohuo uliokuwa na picha ya Diego Maradona ilikuwemo stempu ya Jella Mtagwa, beki wetu. Fikiri: sura ya mchezaji wetu ikabandikwa kwenye barua, ikapigwa mhuri, ikasafiri dunia nzima. Hiyo ilikuwa heshima ya kweli. Lakini stempu nayo ni sura. Nimewahi kuwauliza vijana kumi hapa mtaani Jella Mtagwa alikuwa nani. Wawili walijua ni mchezaji. Mmoja alidhani ni waziri.

Na fundi cherehani je? Hoja yake ni nzito kuliko yangu, na sitaki kuikwepa kwa maneno matamu. Mtu anayeumwa haponi kwa kusimuliwa. Klabu ikiwa na fedha ya kuchagua kati ya tamasha na dawa ya mkongwe wake, inunue dawa. Ila nimeona jambo moja: misaada huchangwa kwa haraka kwa yule ambaye watu wanajua alifanya nini. Asiyejulikana huchangiwa msibani. Huko ndiko simulizi zetu zote zinakofunguliwa. Watu husimama, hulia, hueleza kila bao na kila pasi, na mwenye mabao yake amelala ndani ya sanduku hasikii. Tuna ufasaha mkubwa mno makaburini. Simulizi na dawa si maadui. Aghalabu ya kwanza huitafuta ya pili.

Basi ningependa nini? Kwanza, mkongwe asiletwe saa saba. Aletwe wakati uwanja umejaa, kati ya kutambulishwa kwa mchezaji mmoja mpya na mwingine, na yule kijana mpya anayevaa namba yake ndiye atoke kwenda kumpokea. Pili, asilazimishwe kukimbia. Akitaka kucheza kwa furaha yake na wenzake, na acheze. Lakini hiyo iwe bonanza lao, isiwe maonyesho yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa, isemwe kazi aliyoifanya: siku gani, dhidi ya nani, mvua au jua, mguu gani. Sentensi tatu zinatosha. Mshereheshaji anayeweza kusoma matangazo ya mdhamini kwa dakika kumi hawezi kushindwa na sentensi tatu. Nne, aulizwe. Apewe kipaza sauti, au akae na vijana wa timu ya pili asubuhi moja, awaambie alivyokuwa akifanya. Jezi bila simulizi ni kama kanga isiyo na jina: itakusitiri, lakini haimwambii mtu kitu.

Ni rahisi kuwaagiza wengine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa jirani na Mzee kwa miaka mingi, tumekula naye futari na pilau ya sikukuu, na sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilijua alikuwa winga, basi. Na siku ile jukwaani nilipata nafasi ya kusema sentensi tatu nikanunua maji.

Wiki chache baadaye nilimpitia jioni, tukaenda mpaka kile kiwanja cha mchanga ambako watoto wa mtaa wanacheza. Walimpa shikamoo, wakaendelea na mpira wao. Nikamuuliza mbele yao: "Mzee, zile krosi ulikuwa unazipigaje?" Alinitazama kama ninayemtania. Halafu akainuka, akaomba mpira, lakini hakuupiga. Aliuweka chini ya mguu.

Alisema winga mjinga humtafuta mshambuliaji kwa macho, na beki akiona macho yako ameshakujua. Yeye alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa anatazama ardhi. Kipindi ambacho walikuwa wakishambulia kuelekea mashariki, saa kumi na moja jioni, jua lilikuwa nyuma yao, na kivuli cha mshambuliaji kilikuwa kinamtangulia kama fimbo ndefu. "Ninakimbia nimeinama, watu wanafikiri natazama mpira. Natazama vivuli. Nikiona kivuli kimeingia boksi, napiga. Mwenyewe bado hajafika, lakini mpira ukifika naye kafika." Akataja mechi moja ya kombaini ambayo pasi mbili za namna hiyo zilizaa mabao mawili. Hakuyafunga yeye. Waliofunga wameshafariki, akawataja majina taratibu, mmoja mmoja.

Watoto walikuwa wameuacha mchezo. Jua lilikuwa linazama upande wa Kisarawe, na kila mtoto alikuwa anatazama kivuli chake mchangani kana kwamba amekiona siku hiyo. Mmoja wao, mwembamba, asiye na viatu, akainua mkono kama yuko darasani.

"Babu," akasema, "na usiku je? Pale kwa Azam taa ni nyingi, kila mtu ana vivuli vinne."

Mzee aliwaza. Kwa muda akageuza uso kuelekea kule ziliko nguzo za taa, ambazo jioni hiyo hazikuwa zimewashwa. Nilidhani atachoka atake kurudi nyumbani. Akausukuma mpira kwa upande wa mguu wa kushoto, polepole, mpaka kwa yule mtoto.

"Hilo sijui," akamwambia. "Sisi hatukucheza usiku. Nenda kaangalie, halafu uje unifundishe."